Wanataka kumrekodi ndugu yangu akitambaa ili watu wachange, nikatae?

"Assalam alaykum. Niko Lamu, Langoni. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, ana mtindio wa ubongo tangu azaliwe, miguu haimbebi na maneno yanamtoka kwa taabu, mgeni hamwelewi mpaka arudie mara tatu. Lakini anatunga mashairi. Anahesabu mizani kwa kugonga kidole kwenye godoro na mimi ndo namwandikia. Majirani Mungu awalipe, wametubeba miaka yote hii. Sasa kuna vijana wa mtaa wanataka kufanya shoo kabla ya Maulidi, kwanza wamrekodi akitambaa uani, klipu iende mtandaoni, watu wachange anunuliwe kiti cha umeme na apelekwe India akatibiwe. Yeye amekasirika hadi hali chakula. Mama anasema tusipige teke riziki. Nikikataa si nitaonekana nawatukana watu wema? Na haya mashairi yatamfaa kweli au twajidanganya tu?"

Waalaikum salaam dada yangu. Swali lako nililisoma mara ya kwanza usiku nimechoka nikasema nitajibu kesho, nikalisoma tena asubuhi jetini Mokowe nikisubiri boti ijae, na hapo ndo nikaona kitu nilichokipita usiku. Kile kidole kinachogonga godoro. Nyumbani mmeshakizoea, na hao vijana sidhani kama wamewahi hata kukiona. Tutarudi hapo.

Mimi ni OT, yule mtu wa kumsaidia mgonjwa ajimudu, ale, avae, akae vizuri, ashike kalamu, wengi hunichanganya na fizio na wala sibishi manake kazi zetu zakaribiana. Zaidi ya miaka kumi nimezunguka kati ya Malindi na visiwa hivi, nimekaa kwenye vikao vya vikundi vya watu wenye ulemavu mpaka najua nani huleta kahawa na nani huleta fujo. Kwa hivyo nakujibu kama mtu wa hospitali na pia kama mtu wa vikao.

Umeuliza klipu, umeuliza India, umeuliza mashairi, lakini naona chini ya yote kuna hofu moja, kwamba ule mkono uliowalisha miaka 19 ukiuambia "hapana, hivi sivyo" utajikunja na usirudi tena. Hofu hio naijua sana. Mtu aliyesaidiwa kwa muda mrefu huishi kama mpangaji aliyechelewa kodi, hata paa likivuja anaona haya kumwambia mwenye nyumba.

Klipu, msikubali. Na sio wewe wa kukataa, ni yeye, na ashakataa. Mtu wa miaka 19 ni mtu mzima, miguu kutombeba haimrudishi utotoni, na hata sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa kitu nyeti, hazimwagwi barabarani bila idhini yake. Mama hawezi kumkubalia, wewe huwezi, vijana ndo kabisa. Amekasirika hadi hali chakula, sasa mwataka akatae kwa lugha gani tena?

Sasa India, na hapa nitasema wazi hata kama mama itamuuma. Mtindio wa ubongo unatokana na hitilafu au jeraha kwenye ubongo wakati bado unajengeka, mtoto akiwa tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Inaweza kuwa mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, au alikosa hewa, au alipata manjano kali siku za mwanzo, au maambukizi kama homa ya uti wa mgongo, na wengine sababu haipatikani kabisa. Haukuletwa na jini wala hakuna kitu mama alikosea na mimba yake, nalisema hili manake kwa miaka 19 lazima kuna mtu ashamwambia vingine na huenda bado analibeba rohoni. Ile sehemu iliyoumia haiendelei kuumia, lakini pia hakuna sindano wala upasuaji, si India si Nairobi si Ujerumani, unaoirudisha kama haikuwahi kuumia. Kuna matibabu ya kulegeza misuli iliyokakamaa, kuna ya kurekebisha nyonga na kano zilizojikunja, hayo yapo na yanasaidia mtu akae bila maumivu, ila anayekwambia ataenda huko na kurudi akitembea kabla hata hajampima, huyo anauza tiketi ya ndege. Kuna familia naijua iliuza mashua na minazi yao kwa safari kama hio, kijana akarudi vile vile alivyoondoka, tofauti ni kwamba sasa mashua hakuna.

Na kusema kwa taabu watu wanakosea sana. Wanasikia maneno yanakokota wanadhani na akili inakokota. Neno likishatengenezwa akilini lazima lisukumwe na ulimi, midomo, koo, pumzi, vyote hivyo ni misuli, na ndo hio misuli iliyopata shida. Mzigo umefungwa vizuri gatini, injini ya boti ndo inakatakata. Kuna watu ambao mtindio umewagusa na uelewa pia, sitakuficha, lakini mtu anayeshika mstari wa mizani 16 kichwani bila karatasi na kina chake cha kati na cha mwisho, aa, huyo shida yake si uelewa. Mimi nina digrii na siwezi.

Kiti cha umeme pia ningewauliza hao vijana kama wamewahi kukisukuma kikiwa kimezima. Nyinyi mwakaa Amu bwana, Lamu hii. Njia zenu kuna mahali punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, kuna mifereji, kuna vipande vya mchanga, kila mlango na ngazi zake, na ukitaka kwenda popote nje ya kisiwa kuna kuingia botini. Kiti cha betri ni kizito, wanaume wanne ndo wakinyanyue, hewa ya chumvi inatafuna nyaya, na siku kikilala fundi umtafute Mombasa. Mi ningetafuta kile cha kusukuma cha njia mbaya, chenye gurudumu la mbele lililotangulia mbali ili lisizame kwenye shimo, matairi mapana, kinabebeka na watu wawili. APDK, lile shirika la watu wenye ulemavu wa viungo lililoanza 1958, wanatengeneza viti hapa hapa Kenya. Lakini, na hili nawaomba sana, kiti si kama shati la mtumba kwamba utavaa tu hata kikizidi. Kinapimwa upana wa nyonga, urefu wa paja, kimo cha mgongo. Kikiwa kipana anapinda uti wa mgongo, kikikosa mto mzuri anapata vidonda vya kukaa, na kidonda cha kukaa nimeona kikimlaza mtu miezi. Kwa hivyo hata mtu akija kesho na kiti cha bure kimefungwa na utepe, shukuruni, kisha mkapime kwanza.

Haya, tuje kwa watu wema, manake hapo ndo penye uzito.

Hebu fikiria harusi, usiku wa taarabu. Mama mmoja anainuka kwenye mkeka na noti ya shilingi 100, hakimbii, anakuja akicheza taratibu, noti ameishika juu kila mtu aione, anafika kwa mwimbaji anamtuza, anarudi huku amegeuza shingo kama malkia. Asubuhi yake mama huyo huyo anapita mlangoni kwenu, anamuona mdogo wako amekaa barazani, anaitoa noti nyingine ya 100, anamwekea mapajani haraka haraka, macho chini, "Mungu akujalie mwanangu," anapita. Noti ni ileile na mkono ni uleule, na moyo wa yule mama sina shaka nao hata kidogo mara zote mbili. Lakini usiku alikuwa anajibu. Mwimbaji ametangulia kutoa, mama amepokea, ndo akarudisha, na mwimbaji ubeti unaofuata atamtaja jina lake na mama atainuka tena. Asubuhi hakujibu kitu, hakukuwa na kitu cha kujibu, akaondoka na thawabu zake na mdogo wako akabaki na 100 yake na mazungumzo yakaishia hapo.

Sadaka siisemi vibaya, ni dini yetu na kuna nyumba nyingi tu hapa pwani zingelala njaa bila sadaka. Shida ni mtu akiwa wa sadaka peke yake. Nyinyi wenyewe mwajua, jirani akileta sahani ya mahamri, sahani hairudi tupu, hata kama ni ndimu mbili utaziweka. Ndo ujirani wenyewe huo, sahani inayokwenda na kurudi. Mdogo wako kwa miaka 19 amepokea sahani na hakuna aliyewahi kumwachia arudishe kitu, na mtu wa namna hio pole pole watu wanaacha kumuuliza mambo, wanaanza kuuliza dada yake mbele yake "ameshakula?" "amelala vizuri?" kama vile hayupo. Nadhani hasira yake inatoka huko. Klipu ya kutambaa inamwambia kwamba kitu cha maana alichonacho cha kuwaonyesha watu ni magoti yake, na yeye ana mashairi. Hata mimi ningegoma kula.

Na usinione kama najua sana, hili nilijifunza kwa kuaibika. Miaka kadhaa nyuma Malindi nilisaidia kuandaa usiku wa kikundi kimoja cha watu wenye ulemavu, kulikuwa na dada anaimba vizuri mno, anatumia kiti cha magurudumu. Ukumbi ulikuwa na jukwaa la ngazi nne. Mimi, mtaalamu, sikwenda kuuangalia ukumbi kabla. Ilipofika zamu yake wanaume wanne wakamnyanyua na kiti chake mbele ya watu wote, kikayumba, leso ikamteleza begani, yeye mikono yote miwili ameshika kiti hawezi hata kujistiri, na watu wakapiga makofi! Makofi ya kubebwa. Alipowekwa juu alikataa maikrofoni mpaka tukamshusha, akaimba chini kwenye sakafu, watu ikabidi wageuze viti vyao. Pesa zilichangwa nyingi usiku ule. Kwenye tuktuk tukirudi akaniuliza, sasa hizi wametuza wimbo au wametuza kubebwa? Sikuwa na jibu, nikajifanya naangalia simu.

Wala hili la sanaa kumfungulia mtu mlango wasije wakakwambia ni mambo ya wazungu wa miradi. We waishi Langoni, hatua chache tu kutoka msikiti wa Riyadha. Habib Swaleh, yule mwanachuoni, alipokuja kutoka Ngazija kule Komoro na kukaa Amu, zama zile za mwisho wa karne ya 19, aliwafungulia darasa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu, wakiwemo waliotoka utumwani, na maulidi yakasomwa kwa matari, ikaingia sauti na mwendo wa watu wa chini mpaka ndani ya msikiti. Walikuwepo walionuna. Leo hio ndo Maulidi ambayo watu wanapanda meli na ndege kuja kuiona kila Mfungo Sita. Aliwapa elimu, na wao wakauletea mji kitu ambacho mji hauwezi tena kujielezea bila hicho. Sahani ilirudi na kitu.

Na ukienda Mombasa uliza Bombolulu. Pale tangu 1969, chini ya hao hao APDK, watu wenye ulemavu wanatengeneza shanga, nguo, vitu vya ngozi na vya mbao, mgeni anaingia ananunua mkufu kwa sababu mkufu ni mzuri. Huko Mali ndo usiseme, Salif Keita aliyezaliwa na ualbino, na Amadou na Mariam, mume na mke wasioona waliokutana kwenye taasisi ya vijana wasioona Bamako, watu wamekata tiketi miaka na miaka kuwasikiliza. Hata ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, Kenya iliuridhia 2008, kifungu cha 30 kinasema mtu mwenye ulemavu apewe nafasi ya kukuza kipaji chake si kwa faida yake tu bali pia kuitajirisha jamii. Yaani hata mabwana wa New York walifika kwenye sahani yetu, ila walitumia kurasa nyingi.

Sasa kile kidole. Kinachowasumbua naona ni kwamba hawezi kuyasema mashairi yake akasikika. Lakini dada, ni nani alisema mtunzi lazima aghani mwenyewe? Huku kwetu tangu zamani mtunzi ni mmoja na mwenye sauti ni mwingine, watu wanatunga wengine wanaghani, mashairi ya harusi yanatungwa na bibi mmoja ndani huko na kuimbwa na wengine, na hakuna anayesema si yake. Hio nafasi ipo tayari, haijatengenezwa kwa ajili ya mlemavu, ni utaratibu wa ushairi wenyewe. Tafuteni mghani. Kijana mwenye koo zuri wa madrasa yuko hapo mtaani kwenu, namjua bila kumjua. Mdogo wako akae mbele, uso kwa watu, mghani asimame ubavuni pake, na kile kidole kigonge ubao wa kiti au dufu dogo watu wote wasikie mizani inavyokwenda, mghani amfuate. Mi ningelipa kuona hio.

Kwa mazungumzo ya kila siku tengenezeni ubao wa herufi, kadibodi tu, herufi kubwa, na maneno anayotumia sana pembeni, "la," "subiri," "sijamaliza," "niulize mimi." Hilo la mwisho liandike kwa wino mwekundu. Kama kidole chake kimoja kinatii basi pia kuna programu za simu unaandika inasoma kwa sauti, Kiswahili chake ni cha roboti kidogo lakini dukani inatosha. Na akizungumza na mgeni asione haya kurudia, na we punguza kumtafsiria, najua watafsiri kwa mapenzi, ila ukimtafsiria kila neno watu hawatajifunza kumsikia.

Kwa hao vijana usiende na hapana ya kufunga mlango. Wanajitolea, wana nguvu, wametenga siku zao, hilo si dogo siku hizi. Ningeenda jioni barazani, yeye mwenyewe awepo, si wewe peke yako, niseme hivi: "Wanangu, tumefurahi sana na shoo tunaitaka. Klipu ya kutambaa mwenyewe hataki na hilo limekwisha. Lakini ana shairi, na angependa kulifungulia shoo." Halafu nyamazeni. Wengi huwa hawajafikiria tu, wameona klipu za hivo hivo zinafanya kazi wakaiga. Akitokea mmoja aseme "basi bila klipu ya kutambaa hakuna pesa," hapo umejua shoo ilikuwa ya nani.

Lakini sina uongo, na hapa nitawaambia ukweli usiopendeza. Huruma inaleta pesa haraka kuliko sanaa. Klipu ya magoti kwenye vumbi huenda ikaleta kwa wiki moja kitu ambacho mashairi hayataleta kwa mwaka. Mama anapozungumzia riziki hasemi upuuzi. Cha kumwambia mama ni kwamba klipu haifutiki, itazunguka kwenye simu za watu mpaka atakapokuwa na miaka 40, siku akienda kutafuta kazi au kuposa, mtu atasema "si ni yule aliyekuwa anatambaa." Na huruma huchoka, ya pili inaleta nusu ya ya kwanza. Kama pesa ya kiti inahitajika haraka changeni kimya kimya, jamaa, msikiti, walioko Mombasa na Uarabuni, kwa maneno tu bila picha, "tunanunua kiti, kimepimwa, bei yake ni hii." Watu wa hapa wanatoa bila picha, wamekuwa wakitoa kabla simu hazijakuwa na kamera. Wekeni watu watatu wa kushika hesabu, isiwe M-Pesa ya kijana mmoja hata awe mwaminifu vipi, na hesabu ikiisha isomwe, hata zile shilingi 350 zilizobaki.

Kwenye shoo yenyewe, jina lake liandikwe kwenye tangazo, "mtunzi," sio "mlemavu mwenye kipaji." Akae mahali pa chini pasipo ngazi, na we nenda ukaangalie kabla, usiwe kama mimi. Apumzike mchana wake manake misuli ikichoka maneno yanazidi kukwama. Na alipwe. Kama mtu wa spika analipwa na mtu wa jenereta analipwa basi mtunzi analipwa, hata kama ni kidogo, na watakaotaka kumtuza wamtuze shairi likisomwa, pale pale, noti juu.

Je, mashairi yatamlisha? Peke yake, sidhani. Sijui mshairi Amu anayekula ushairi tu, hata hao wenye miguu. Ila harusi haziishi kisiwani, watu wanataka beti za kumsifu bibi harusi, za kupongeza mtoto aliyehitimu Qurani, za kuaga aliyestaafu, tangazo la duka, na siku hizi mtu anataka sauti ya kutuma WhatsApp kwa ndugu yake Jeddah. Beti zina bei. Mwezi mmoja atapata tatu, mwingine hatapata hata moja. Ni kibarua kama vibarua vingine, lakini atakuwa ana kitu cha kuweka kwenye sahani.

Na kuna vitu ambavyo si sadaka wala tuzo, ni haki, hivi visichanganywe kabisa na shoo. Kama hajasajiliwa na Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, NCPWD, anzeni hapo, anapimwa hospitali ya serikali, kwenu ni King Fahd, kisha anapata kadi. Bila kadi vitu vingi havifunguki, ikiwemo kuomba kiti na vifaa kupitia Baraza lenyewe. Ulizeni kwa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii kuhusu Inua Jamii, zile pesa za serikali za watu wenye ulemavu mkubwa, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, si utajiri, na usajili una misimu yake kwa hivyo ulizeni na murudi kuuliza. Akija kujiunga na kikundi, vikundi vya vijana, akina mama na watu wenye ulemavu vimetengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali, huko ndo shughuli za kaunti na sherehe zinapopitia. Katiba ya 2010 kifungu cha 54 imemtaja, inasema atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomdhalilisha. Sensa ya 2019 ilihesabu kama watu laki 9 hivi nchini wenye ulemavu, na hao ni waliotolewa ndani wakahesabika.

Mambo ya kwenda hospitali mkaonekane ana kwa ana, msingoje shoo wala kiti: nyonga au mgongo ukimuuma usiku, ngozi ikiwa nyekundu makalioni na haipotei ukiibonyeza, akipaliwa mara kwa mara akila au kikohozi kisichokwisha baada ya chakula, degedege au kupotea fahamu hata kwa sekunde, mikono iliyokuwa inafunguka ikianza kukataa. Ubongo hauzidi kuumia lakini misuli na viungo huzidi kujikunja kama havinyooshwi, na wengi wakishafika miaka 18 wanaachwa, kliniki za watoto zinawatoa na za wakubwa hazijawapokea. Na huku kutokula. Siku mbili za hasira mimi sina neno, lakini ikifika wiki, au akiacha kutunga, kile kidole kikinyamaza, nendeni muongee na mtu hospitali kuhusu moyo wake, msiseme ni deko. Vijana wa aina yake huzuni yao hukosewa sana, watu hudhani ni "hali yake."

Mfikishie salamu zangu. Na mwambie mpwa wangu anaolewa mwezi ujao hapa Malindi, nataka beti sita za kumuaga bibi harusi, mizani 16, kibwagizo kiwe na jina la mamake. Bei aitaje mwenyewe kwa ubao wake, na mimi nitambania kama ninavyombania mtu yeyote.